Mdogo wangu ametangazwa kwenye grupu la familia kuwa ni shoga, Desemba kuna kikao cha ukoo, naombeni ushauri

Dada wa Kimara (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana sina mtu wa kumweleza hili hapa nyumbani na leo ni siku ya nne silali vizuri.

Sisi ni familia ya Kikatoliki kabisa, kwetu Kibosho, mama ni kiongozi wa akina mama kigangoni, baba alishatangulia mbele za haki. Tumezaliwa watano, mimi wa pili, na kitinda mimba ana miaka 24. Huyu dogo ndo alikuwa mtumikiaji altareni toka yuko darasa la tatu, baadaye akaingia kwaya, yaani kanisani anajulikana kuliko mimi. Mwaka juzi aliniambia mwenyewe tukiwa jikoni kwangu, alisema dada mimi sivutiwi na wanawake na sijawahi, nimefunga, nimesali novena, nimeungama mara sijui ngapi, haiondoki. Nililia. Sikumfukuza ila pia sikumwambia neno lolote la maana, nikamwambia tu tutaombea, tukaendelea kukaanga ndizi.

Sasa wiki iliyopita binamu yetu alishika simu ya dogo akasoma meseji zake, akapiga skrinishoti akazitupa kwenye grupu la wasapu la familia lenye watu zaidi ya arobaini. Mama yumo. Baba mdogo akaandika kwamba huyo asikanyage kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha marehemu kaka yake, na Desemba watu wakipanda kilimani kitakaa kikao cha ukoo. Kaka yetu mkubwa anataka apelekwe kwenye sehemu moja ya maombi ambako watu wanakaa wiki tatu bila kutoka na simu wananyang'anywa. Kuna mjomba yeye kasema polisi.

Dogo analala sebuleni kwangu sasa hivi. Hali chakula vizuri. Mama hapokei simu yake, yangu anapokea ila anaongelea mvua na mbuzi.

Mimi ni muumini, sijaja hapa kuambiwa niache imani yangu, na sijaja pia kuambiwa nimwache ndugu yangu. Nataka kujua nikienda kwenye hicho kikao nasemaje. Na yeye niende naye au abaki?

Mlokole77

Pole sana dada. Ila tuseme ukweli maana ukweli ndo unaweka mtu huru, Biblia haijaficha kitu, soma Warumi 1, soma 1 Wakorintho 6 mstari wa 9. Hii kitu ni dhambi na inaletwa na wazungu na hela zao. Siku hizi ukisema hivyo wanakuambia una homofobia, una chuki. Mimi sina chuki na mtu, namwambia mwenye dhambi atubu kama ninavyomwambia mlevi. Mpelekeni kwenye maombi, akifunguliwa atarudi kwenye kwaya yake.

Mkulima wa Njombe

Mlokole77 mlevi wa ukoo wenu mlishawahi kuweka skrinishoti zake kwenye grupu? Mlishakaa kikao kumnyima shamba? Kwetu walevi wapo wanane na mzinzi mmoja ana watoto kwa mama watatu na ndiye anayekaa meza ya mbele kwenye kipaimara. Mimi sikatai kwamba imeandikwa, nakubali imeandikwa. Nachouliza ni kwa nini hii moja tu ndo inatufanya tusahau kwamba huyu mtu ana mama.

Mlokole77

Mkulima sijasema anyimwe shamba. Soma nilichoandika.

Katekista Mstaafu

Mwanangu Dada wa Kimara, nimefundisha mafundisho ya kipaimara miaka 31 kwa hiyo ngoja nikupe cha kushika mkononi, maana kwenye kikao watu watakuja na Biblia na wewe usiende mikono mitupu.

Chukua Katekisimu ya Kanisa Katoliki. Namba 2357 inasema matendo hayo yanapingana na sheria ya maumbile na hayawezi kukubaliwa. Hiyo wataisoma wao kwa sauti. Wewe waombe wasiifunge, wasome na namba inayofuata, 2358, inayosema watu hawa wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Ni ukurasa uleule na ni Kanisa lilelile. Nimeona watu wengi wakisimama kwenye ya kwanza wakafunga kitabu.

Watakuambia marehemu Papa Fransisko alituuza. Ilipotoka ile hati ya Vatikani ya baraka kwa wapenzi wa jinsia moja tarehe 18 Desemba 2023 kulikuwa na kelele sana hata kwenye jumuiya zetu, na Januari 11, 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa akatoa barua kwa niaba ya maaskofu wa Afrika akasema baraka hizo kwa wapenzi wa jinsia moja huku kwetu hazitakuwepo. Watu wakashangilia. Lakini barua hiyohiyo inasema pia kwamba watu hao watendewe kwa heshima na utu wao ulindwe, na hicho kipande sikusikia kikisomwa hata jumuiya moja. Na Papa Fransisko Januari 2023 alisema wazi kwamba hali hii si jinai, akasema tutofautishe dhambi na jinai, na kwamba kukosa upendo kwa jirani ni dhambi pia.

Kwa hiyo mjomba wako wa polisi asijifiche nyuma ya Kanisa. Aseme ni hasira zake.

Bint Pwani

Assalam aleykum, na kwa Wakristo humu hamjambo. Mimi ni Muislamu, nimeona nichangie maana dini zote hapa tunashikana. Kwetu kisa cha kaumu ya Nabii Lut kipo, sura ya Al-A'raf, hakuna mwanachuoni wa kwetu atakuhalalishia na mimi sihalalishi. Lakini marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa madrasa Pangani na kulikuwa na kijana mtaani watu wanamzomea, baba alikuwa akisikia anatoka barazani anawauliza, Suratul Hujurat aya ya 12 nani anaijua kwa moyo? Hapo inasemwa msipelelezane wala msisengenyane. Halafu anawaambia, aliyechungulia dirisha la mtu na aliyekuwa ndani, nyie mmekazania mmoja tu.

Huyo binamu aliyefungua simu isiyo yake akaanika aibu ya ndugu yake mbele ya watu arobaini, kwenye dini yangu amefanya kosa kubwa na hakuna anayemuitia kikao. Sisi tumeamrishwa kusitiriana, anayemsitiri mwenzie Mwenyezi Mungu atamsitiri. Mimi ningeanzia hapo dada, niulize kikaoni nani kamruhusu.

Na jambo dogo tu, hilo neno linaniuma. Huku kwetu shoga ni rafiki yako wa kike, mama yangu mpaka leo anaita shoga yangu kwa bibi waliyesoma naye chuo. Sasa limekuwa la kurushia watu mawe.

Wakili wa Mtaani

Dada, nitaongea sheria tu, imani nawaachia wenyewe.

Kanuni ya Adhabu kifungu cha 154, adhabu ni kifungo cha maisha na kwa vyovyote isiyopungua miaka 30. Kwa hiyo mjomba anaposema polisi, ajue anaongelea kumfunga mtoto wa dada yake mpaka awe na miaka 54 au zaidi. Waambie hiyo namba kikaoni, wengi hawaijui, wanadhani atalala ndani siku mbili apate adabu. Sheria inaadhibu tendo, haiadhibu mtu kwa anavyojisikia moyoni, lakini ukishafika kituoni na simu yenye meseji mambo hayabaki kwenye karatasi.

Na ndugu Mlokole, wazungu tunawasema sawa ila hicho kifungu chenyewe ni Mwingereza aliyetuletea enzi za ukoloni, kwake akakifuta kwa watu wazima mwaka 1967, sisi 1998 tukaongeza adhabu.

Ushauri wangu: simu ya dogo ibadilishwe neno la siri leo, grupu hilo mwombe admini azifute zile picha, na wewe humu usitaje tena kijiji wala kigango. Ushataja vingi.

Nesi wa Zamu

Mwenye uzi mi niko wodini sasa hivi nitaandika haraka. Hiyo sehemu ya maombi ya wiki tatu bila simu USIMPELEKE. Nimeshapokea waliotoka sehemu za hivyo, mmoja alikuja amekauka maji mwilini, mikono ina alama za kamba, na ndugu zake wanasema ni pepo lilikuwa linakataa. Maombi mtu anaombewa akiwa huru kuondoka. Shirika la Afya Duniani liliitoa hii hali kwenye orodha ya magonjwa tangu 1990, kwa hiyo hata mtu akikuambia ana dawa yake anakula hela yenu.

Kingine, hofu inaua. Februari 2017 vituo 40 vilizuiwa kutoa huduma za ukimwi kwa makundi haya, na tulioko kazini tuliona watu wakiacha kuja kuchukua hata dawa. Mtu akiogopa familia na akaogopa hospitali anabaki wapi? Umesema hali chakula vizuri, angalia na usingizi, na akianza kugawa vitu vyake au kuongea kuaga aga usimwache peke yake hata saa moja.

Mama T wa Tanga

Sijawahi kuandika humu huwa nasoma tu. Mimi ni mama, Mwanglikana. Mwanangu wa kwanza alikuwa hivyo, nilijua toka mdogo nikajifanya sijui. 2014 watu wa kanisani walikuja nyumbani wakaniambia ama yeye ama uongozi, na mimi nikachagua uongozi. Nilitoa godoro lake nje kwa mikono yangu, akalikunja akaondoka, hakusema neno.

Miaka baadaye mchungaji mwingine akanionyesha lile azimio la maaskofu wetu wa dunia nzima waliokaa Lambeth 1998, ambalo watu wetu hulitaja sana kwa sababu linasema mwenendo huo haupatani na Maandiko. Ni kweli linasema. Na humohumo linalaani kuwaogopa watu hawa bila sababu, na linataka wahudumiwe wote. Nilikaa nalo pale nikalia sana kwa sababu nilikuwa naliona kama ruhusa.

Kila mwezi inaingia meseji ya M-Pesa. Jina lake linatokea, kiasi kinatokea, hakuna simu, nikipiga haipokelewi. Hela yake sijaila hata shilingi, naiweka. Dada mwambie mama yako nimesema asingoje.

Mlokole77

Mama T nimekusoma mama yangu. Pole sana. Nitakuombea upigiwe simu. Dada, mimi msimamo wangu ni uleule kwamba ni dhambi, sibadiliki kwa hilo, lakini maombi niliyosema sikumaanisha ya kufungwa kamba. Na polisi hapana.

Mchagga Original

Wote mmeongea dini, hakuna aliyesoma vizuri. Dada umesema dogo ni kitinda mimba. Kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anabaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake. Baba mdogo ndani ya dakika ngapi akafika kwenye kihamba? Kikao hakijakaa, mama hajahojiwa, yeye kashaongelea ardhi. Nenda na mama mzazi akiwa upande wako maana yeye ndo yuko hai juu ya ile ardhi, na waulize kikaoni dogo akiondolewa nani anaingia. Ukiona watu wanaangaliana umepata jibu.

Dada wa Kimara (mleta uzi)

Nimesoma zote wakuu, nyingine nimesoma mara tatu. Katekista shikamoo, nimeipata Katekisimu ya marehemu baba, kumbe ilikuwa kwenye sanduku langu muda wote, na namba 2358 nimeipigia mstari kwa kalamu. Wakili admini amefuta zile picha, samahani kwa kutaja sana. Nesi asante, kwenye yale maombi hatoenda, kaka nimemwambia na amenikatia simu.

Mchagga umenishtua. Hilo la kihamba sikuliona kabisa.

Jana usiku nimempigia mama. Sikumtajia kifungu chochote, nilimsomea tu ujumbe wa Mama T neno kwa neno. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akaniuliza, anakula? Nikamwambia kidogo. Akasema mtori anaula? Nikasema sijampikia. Akasema mpikie, usiweke maziwa mengi hapendi, akakata.

Kikaoni naenda mwenyewe. Dogo nimemwambia abaki huku Dar na funguo anazo.