Bolshoi ya Moscow: kwa nini ilifungwa miaka sita?

Wadau, Bolshoi, jumba la opera na baleti, ilifungwa 2005 ikafunguliwa Oktoba 2011. Jengo ni la 1825. Kupaka rangi na kushona mapazia hakuwezi kuchukua muda wote huo. Tatizo lilikuwa nini hasa?

— Msingi, ndugu. Chini pale unapita mto Neglinka, uliofunikwa, na jengo lilisimama juu ya nguzo za mbao. Mbao ikizama majini muda wote hudumu sana. Maji ya ardhini yakishuka, hewa inaingia na mbao inaoza. Kuta zikapasuka. Ilibidi uzito wa jengo uhamishiwe kwanza kwenye nguzo za chuma, ndipo msingi mpya ujengwe.

— Ongeza suala la sauti. Moto wa 1853 uliacha kuta na nguzo za mbele tu. Msanifu majengo Alberto Cavos akajenga upya ndani, kukafunguliwa 1856, na ukumbi aliutengeneza kama tumbo la fidla: mbao nyembamba, na uwazi chini ya okestra ili sauti ivume. Enzi ya Kisovieti wakamwaga zege humo! Zege halitetemeki kama mbao, sauti ikafifia. Kwenye ukarabati liling'olewa.

— Na viti vilipunguzwa, kutoka zaidi ya 2,100 hadi 1,740 hivi. Vile vya zamani vilibanana mno.

— Kumbe! Nami nilidhani ni dhahabu ya mapambo ndiyo iliyowachelewesha. Asanteni.