Je, wana wa Bach waliiua sonata ya baba yao?

Wakuu, kuna hoja inarudiwa sana: katika sonata zake za trio, yaani muziki wa ala mbili za juu na besi (sauti ya chini), mtunzi Mjerumani J. S. Bach alisuka sauti tatu zenye hadhi sawa, halafu mwanawe Emanuel, naye mtunzi, na rika lake wakabakiza melodi tamu juu na besi ya kusindikiza. Mimi naipinga.

Mei 1747 mzee alikwenda Potsdam kwa Mfalme Friedrich II wa Prussia, mwajiri wa Emanuel. Mfalme akampa mada (wimbo mfupi wa kujengea muziki), naye Bach aliporudi Leipzig akaandika *Musikalisches Opfer* (Sadaka ya Muziki), ambamo kuna sonata ya filimbi, fidla na besi. Sehemu ya pili ni Bach yule tunayemjua: mada ya mfalme inapita chini kwenye besi, filimbi na fidla zinafukuzana juu yake. Lakini sikilizeni Andante, sehemu ya mwendo wa wastani, inayofuata. Noti zinashuka mbili mbili kama mtu anayeshusha pumzi, tena na tena. Hiyo ni lahaja ya muziki wa Berlin, ya kina Emanuel, na mzee wa miaka 62 anaizungumza bila kigugumizi.

*Jibu:* Mkuu, hapo umemtetea baba, hujawatetea wana. Tangu trio za Mwitaliano Corelli za 1681 besi ilikuwa ikijibizana na fidla. Kwa vijana hawa inagongagonga noti moja tu. Na wanunuzi wakawafuata wao: hadi 1756 kitabu cha fyuga za mwisho za mzee (fyuga ni muziki ambamo sauti hufukuzana kwa mada moja) kilikuwa kimeuza nakala kama 30 tu.

*Mimi tena:* Wako waliogongagonga, sikatai. Lakini Emanuel simweki pamoja nao. Katika trio yake iliyochapishwa 1751, fidla moja ni mtu mwenye huzuni, nyingine mchangamfu. Ya kwanza inaanza taratibu, ya pili inamkatiza kwa kasi, wanavutana hadi mwenye huzuni anakubali kuimba wimbo wa mwenzake. Kwa baba, sauti hupokezana mada moja. Ugomvi wa namna hii ulihitaji uandishi mwingine kabisa.

Tena mwana hakumdharau baba. Mwaka 1774 alimwandikia Forkel, mwanahistoria wa muziki, kuhusu sonata za baba yake za harpsikodi (ala ya vibonyezo kama piano) na fidla: zina zaidi ya miaka 50, bado zinampa furaha, na baadhi ya Adagio zake (sehemu za polepole) zinaimbika kiasi kwamba hata wakati ule, alisema, mtu asingeweza kutunga zenye kuimbika zaidi.

Basi anayesema besi ilikufa atutajie trio ya Emanuel anayoikusudia, tuisikilize pamoja.