Mkandarasi akisema "seva ndogo", mdai EXPLAIN (mpango wa databesi wa kutafuta data) kwanza kabla hamjatoa hela!

Wakuu, nimechoka na nina hasira. Ripoti yetu ya malipo ya siku ilikuwa inachukua zaidi ya dakika nzima kufunguka. Akaitwa mkandarasi aliyetengeneza mfumo. Hakufungua chochote, akaleta profoma: seva mpya, RAM mara nne. Bosi akasaini. Hela ikatoka, seva ikafungwa, ripoti ikabaki vilevile, na wahasibu wakaendelea kufunga hesabu usiku.

Databesi ni PostgreSQL. Huyu mtu angeweka maneno mawili tu mbele ya kweri yake (swali ambalo ripoti inaiuliza databesi), EXPLAIN ANALYZE, akaonyeshwa kila hatua na muda wake, angeliona tatizo hapohapo. Nilipoiendesha mimi, mpango ukaonyesha Seq Scan on malipo, na chini yake Rows Removed by Filter (mistari iliyosomwa ikatupwa) yenye tarakimu saba. Yaani inasoma jedwali zima tangu mfumo uanze, inatupa karibu kila kitu, ili ibaki na malipo ya jana! Na indeksi ya kolamu ya muda (kama faharasa ya kitabu, ya kutafutia haraka) ipo. Ila fundi kaandika WHERE date(muda) = tarehe. Ukishaifunika kolamu kwa fomula hivyo, indeksi ya kawaida haina kazi. Ilitakiwa muda >= mwanzo wa siku AND muda < mwanzo wa siku inayofuata. Ni mstari mmoja! Nimeubadilisha, ikawa Index Scan, yaani inapitia indeksi, ripoti inafunguka papo hapo. Kwenye seva ileile ya zamani pia.

Sijamaliza. Ripoti ya wadaiwa, mpango ulikadiria rows=1 (mstari mmoja), ikaja halisi zaidi ya elfu hamsini, na yote inapita kwenye Nested Loop, ambapo kila mstari unatafutiwa wenzake kwenye jedwali jingine, mmoja mmoja. Pengo la namna hiyo mara nyingi linakwambia takwimu za jedwali, ambazo databesi inakadiria nazo, zimepitwa na wakati. Kumbe walipakia data ya tawi jipya bila kuendesha ANALYZE (amri ya kuhuisha takwimu hizo), na autovacuum, inayozihuisha yenyewe na kusafisha majedwali, walishaizima eti inakula seva. Nani anazima kitu hicho kwenye mfumo wa fedha?

Na mnaosoma mpango, muda ulioandikwa ndani ya Nested Loop ni wa wastani kwa kila mzunguko, zidisheni kwa loops (idadi ya mizunguko). Milisekunde 0.2 mara 50,000 ni sekunde 10, na ndiko muda wetu ulikokuwa unapotelea. Tahadhari nyingine: EXPLAIN ANALYZE inaendesha kweri yenyewe, kwa hiyo mbele ya DELETE itafuta kweli. Anza na BEGIN, maliza na ROLLBACK ili mabadiliko yabatilishwe.

Kinachoniuma ni kwamba ile hela ilikuwa inatosha kununua kompyuta za wahasibu wote, wanaohangaika na mashine zinazozima zenyewe. Mwenye mkataba unaombana mkandarasi aambatishe mpango wa kweri kabla ya kuomba vifaa, naomba anitumie hicho kifungu PM. Wetu unahuishwa mwezi ujao na safari hii sisaini bila hicho.