Naomba ushauri: ruzuku ya sanaa kwa kazi ya video na sauti

Wakuu, habari zenu. Mimi ni msanii wa video na sauti. Kazi yangu huwekwa chumbani: mtazamaji anaingia, anazunguka, na picha za projekta zinabadilika kufuatana na mwendo wake. Nataka kuomba ruzuku ya sanaa ya serikali na nimekwama.

Fomu inataka nichague fani moja: filamu, muziki au uchoraji. Mwaka jana niliiweka kwenye filamu, nikajibiwa kwamba haina hadithi. Iliniuma, maana sanaa hii si ya jana. Nam June Paik, msanii mzaliwa wa Korea anayehesabiwa mwanzilishi wa sanaa ya video, alionyesha televisheni alizozibadilisha picha zake huko Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1963.

Halafu kuna sampuli ya kazi, ile video fupi ya kuambatisha kwenye ombi. Kazi ya kuzungukwa kwa dakika 20 naionyeshaje kwa dakika 2, tena kwa waamuzi wenye rundo la maombi mbele yao? Nirekodi watu wakiwa ndani yake, au niweke picha za projekta peke yake, bila watu?

Bajeti ndiyo inayoninyima usingizi zaidi. Projekta niandike za kukodi au za kununua? Na ujira wangu mwenyewe, ile miezi ya kuandika programu, niutaje wazi? Mimi naona ni haki yangu, ila naogopa kuonekana nina tamaa.

Aliyewahi kupata, au kukaa upande wa waamuzi, naomba anielekeze. Rasimu ya maelezo ya mradi ninayo, nitamtumia atakayekubali kuisoma.