Kaunta inasema taa 16, nyumba ina 14

baraza_shela
Salaam jamaa. Nyumba ya wageni hapa Shela, ghorofa 3, yaendeshwa na Home Assistant (programu ya kusimamia vifaa vya nyumba). Taa ni 14: balbu 11 za Zigbee (mawimbi ya redio ya vifaa vidogo) kupitia programu ya Zigbee2MQTT, na rilei 3 za Wi-Fi, yaani swichi zinazoendeshwa kwa mbali (baraza, ngazi, darini). Mlinzi anatakiwa aone kwenye simu ni ngapi zinawaka kabla hajafunga mlango usiku. Templeti, yaani fomula ya kuhesabu, ni hii:

```
{{ states.light | selectattr('state','eq','on') | list | count }}
```

Zikiwashwa zote inatoa 16. Zikizimwa zote inatoa 1, na nyumba ni kiza totoro. Nikijumlisha na `states.switch` (orodha ya swichi) inaruka hadi 27, na hairudi chini ya 9. Pia nataka hesabu ya vifaa vinavyokula umeme: viyoyozi 2, friji na pampu ya maji, vyote vina kipimo cha wati.

FundiMkomani
Hesabu yako imejieleza yenyewe. Rilei ni `switch`, hazimo kabisa kwenye `states.light`. Zilizofaa kuonekana ni 11, kwa hiyo 5 ni za ziada. Bandika hii kwenye Developer Tools, upande wa Template, usome majina:

```
{{ states.light | selectattr('state','eq','on')
   | map(attribute='entity_id') | join('\n') }}
```

Nakisia 4 ni makundi: kila ghorofa na lake, na moja la nyumba nzima. Kundi lina hali yake. Balbu moja ndani ikiwaka, nalo huhesabiwa. Ile ya tano isiyozimika aghalabu ni taa ya kiashiria ya kifaa fulani, iliyosajiliwa kama `light`. Na swichi 8 zinazobaki ni mipangilio tu: kufuli la watoto la soketi na mfano wake.

Wengine huchuja makundi kwa `rejectattr('attributes.entity_id','defined')`. Yale yaliyoundwa ndani ya Home Assistant huondoka, ya Zigbee2MQTT yaweza kupenya. Mimi siitegemei. Tumia lebo, yaani alama unayovipa vitu ili uviite pamoja:

Kwanza zigeuze zile rilei 3 ziwe taa: fungua mipangilio ya kila entiti (taa, swichi au sensa moja moja kwenye orodha ya mfumo), chagua ionyeshwe kama Light. Swichi ya asili hufichwa tu, haifutwi, ndiyo maana ukihesabu `switch` na `light` pamoja utaihesabu mara mbili. Kisha unda lebo `taa_halisi`, uzipe taa 14 pekee. Lebo iwekwe kwenye entiti, si kwenye kifaa. Ukiweka kwenye kifaa, `label_entities` itarudi mikono mitupu. Lebo zilianza toleo la 2024.4, kwa hiyo kama mfumo ni wa zamani sasisha kwanza.

```
template:
  - sensor:
      - name: "Taa zinazowaka"
        unique_id: taa_zinazowaka
        state_class: measurement
        state: >
          {{ label_entities('taa_halisi')
             | select('is_state','on') | list | count }}
```

Ukiongeza taa mpya kwenye lebo, hesabu haisogei papo hapo. Washa taa yoyote iliyomo, au pakia upya templeti.

waya_mbili
Hiyo ni sawa, ila mlinzi bado atadanganywa. Mgeni akizima balbu ya Zigbee kwa swichi ya ukutani, balbu imekatiwa umeme, haina namna ya kuaga. Home Assistant inabaki na hali ya mwisho: `on`. Kaunta inasema 1, chumba kina kiza.

Kwenye Zigbee2MQTT washa `availability`. Kifaa cha umeme wa ukutani kisipojibu kwa dakika 10 hutangazwa hakipatikani. Cha betri husubiriwa saa 25. (Wanaotumia ZHA, njia ya Zigbee iliyomo ndani ya Home Assistant: ni saa 2 na saa 6.) Halafu ongeza sensa ya pili, ile ile, lakini `'on'` iwe `'unavailable'`. Dashibodi ionyeshe zote mbili kando kwa kando: "3 zinawaka, 2 hazipatikani". Hizo 2 mlinzi akazitazame kwa macho.

Kwa kuta nene za mawe kama za huko, balbu ya mwisho wa ukumbi yaweza kupotea bila mtu kugusa swichi. Soketi ya Zigbee katikati ya njia hupokea mawimbi na kuyapitisha mbele. Usitegemee balbu zenyewe kupitisha mawimbi ikiwa wageni huzizima ukutani. Ikikatwa moja, zilizo nyuma yake nazo huyumba.

Na umeme ukirudi usiku wa manane, balbu nyingi huwaka zenyewe. Tafuta `power_on_behavior` uweke `off` au `previous`, kama balbu inakubali.

malindi_wati
Upande wa vifaa, usihesabu swichi, hesabu wati. Kiyoyozi kilichozimwa kwa rimoti bado hunyonya wati chache.

```
{{ label_entities('vifaa_wati') | map('states')
   | map('float', 0) | select('gt', 15) | list | count }}
```

`float, 0` ni ya lazima: sensa ikisema `unavailable`, bila hiyo sifuri templeti nzima hufa. Lebo iwe kwenye sensa ya wati tu, si ya volti, maana 240 itapita kizingiti cha 15 daima.

Friji ndiyo msumbufu. Kompresa hupumzika, wati zinashuka, kaunta inapanda na kushuka mchana kutwa. Iundie `binary_sensor` yake (sensa ya ndiyo au la) yenye `delay_off`, yaani kuchelewa kusema imezima, ya dakika 40. Pampu usiipitishe kwenye soketi ndogo ya Wi-Fi. Mkondo wa kuanzia huunganisha midomo ya rilei ikashindwa kuachia. Kipimo cha kubana waya kinatosha.

baraza_shela
Shukran. Isiyozimika ilikuwa `light.rilei_ngazi_kiashiria`. Baada ya kuweka lebo ilitoa 14 na 0. Ila balbu 2 za darini zinasema hazipatikani tangu jana, naenda kutafuta soketi.