Tasnifu ya viwanda wakati wa vita kamili: Uingereza, Marekani au Ujerumani?

Mwana_Mlimani: Wakuu, habari za jioni. Ijumaa napeleka kichwa cha tasnifu: serikali inavyoshika viwanda vya ndani wakati wa vita kamili. Nchi moja tu. Nichukue ipi?

Bi_Karakana: Vita vipi, vya 1914 au vya 1939? Unataka umiliki au mgao wa malighafi? Unasoma lugha gani?

Fundi_Keko: Chukua Uingereza. Sheria ya 22 Mei 1940 ilipita bungeni siku moja, ikaweka watu na mali chini ya amri ya serikali. Kampuni ya ndege ya Short Brothers ilitwaliwa 1943. Ila kutwaa kulikuwa nadra. Viwanda vingi vilibaki kwa wenyewe.

Bi_Karakana: Ndiyo maana mimi nasema Marekani, dada au kaka yangu. Umiliki si kitu, mgao ndio kila kitu, na wao walikosea kwanza. Walianza na vyeti vya kipaumbele, A-1-a mpaka A-1-j. Kila ofisi ya jeshi ikang'ang'ania A-1-a, foleni yote ikawa ya kwanza, ikabidi waweke daraja la AA juu yake. Cheti kinasema nani ahudumiwe mwanzo, hakisemi zipo tani ngapi. Unapata bati la meli, vali hupati, meli haitoki. Mpango uliotangazwa Novemba 1942 ukahesabu chuma, shaba na alumini: jeshi, wanamaji na wengine walete mahitaji ya robo mwaka, Bodi ya Uzalishaji wa Vita ilinganishe na kinachoweza kuzalishwa, ikate, itoe tani. Mwenye tani anamgawia mkandarasi wake, naye anawagawia walio chini yake.

Gerezani_77: Ujerumani nayo ina mengi. Albert Speer, mtu wa Hitler, aliposhika wizara ya silaha Februari 1942, kila silaha ilikuwa na kamati yake, vipuri vikawa na "pete" zake, yaani kamati za vipuri, na waliosimamia ni wahandisi wa kampuni zenyewe.

Fundi_Keko: Taja na waliofanya kazi hiyo. Kufikia 1944 wageni walizidi milioni 7, wengi kwa kulazimishwa. Na takwimu za wizara ile zilikuwa silaha ya propaganda, usizibebe kama zilivyo.

Gerezani_77: Kweli. Lakini mbona tunaruka Tanganyika? Wajapani walipoteka Ufilipino na Java, zilikotoka nyuzi za kamba, kamba za meli zilitegemea mkonge wetu. Serikali ya Uingereza ikaununua, na Waafrika wakaandikishwa kwa lazima kwenda mashambani.

Fundi_Keko: Hayo ni mashamba, si viwanda.

Gerezani_77: Mkonge hauuzwi majani, mkuu. Ukishakatwa lazima upite kwenye korona, mashine ya kukwangua majani yabaki nyuzi, ungali mbichi, ndipo nyuzi zikaushwe, zipigwe brashi, zifungwe marobota. Korona ikisimama, shamba zima limesimama.

Mwana_Mlimani: Samahani, ni vita vya 1939, upande wa mgao. Nasoma Kiswahili na Kiingereza tu.

Bi_Karakana: Basi Ujerumani itoe. Marekani.

Gerezani_77: Au mkonge. Nyaraka za Taifa zipo Upanga, nauli ya daladala tu.

Fundi_Keko: Msimamizi wako kasema nchi moja. Tanganyika utaihesabu nchi, au sehemu ya Uingereza?