Tupeane uzoefu: msasa ulivyokuharibia au kukuokolea rangi ya gari

Premio ya Baba
Wakuu, mlango wa nyuma wa gari langu ulikwaruzwa na bajaji, nikaupeleka gereji moja hapa Dar. Nilirudishiwa gari linang'aa, nikalipa nikaondoka na furaha. Wiki tatu baadaye, nimeliegesha juani, naona mistari myembamba imejichora chini ya rangi kama mlango umechanwa kwa kitana. Fundi mwingine alipoupapasa akasema puti, ule ujazo wa kusawazisha bati, ilichongwa kwa msasa namba 80 (namba ikiwa ndogo, msasa unakwaruza zaidi), kisha ikapigwa praima, yaani rangi ya msingi, na rangi juu yake siku hiyo hiyo. Praima ilipokauka ikanywea ndani ya mikwaruzo, na rangi ikaifuata. Iliniuma sana. Nanyi yamewakuta yapi?

Mzee wa Puti, Tanga
Pole sana mkuu. Hiyo naifahamu, maana nilipokuwa kijana gereji niliwafanyia watu vilevile kwa haraka ya kumaliza kazi. Namba 80 ni ya kuchonga umbo tu. Ukimaliza, shika 180 ufute alama za 80, kisha 240 hadi 320 uteremshe kingo za rangi ya zamani mpaka kidole kisisikie ngazi. Hapo ndipo praima. Ikikauka kabisa, nyunyiza juu yake rangi nyeusi kidogo sana, kama vumbi, halafu piga msasa wa maji namba 600 ukiwa umeuzungusha kwenye kibao. Panapobaki peusi pana bonde. Macho yanadanganya kwenye praima ya kijivu, ila hiyo nyeusi haijawahi kunidanganya.

Nyali Kwetu
Kibao jamani, kibao! Mimi boneti nilipiga kwa vidole vitupu. Jua la jioni lilipoipiga, mifereji ya vidole vyangu ilionekana yote.
Kosa kubwa zaidi nililifanya kwenye puti: niliipiga msasa kwa maji. Puti hunyonya maji, nami nikaifunika kwa praima jioni ileile. Baada ya miezi kadhaa malengelenge yakaota, kubandua nikakuta kutu. Puti ipigwe kavu, na uvae barakoa, lile vumbi si la kuvuta. Nasi wa Pwani tuoshe chumvi kwa maji yasiyo ya chumvi kabla hata ya kugusa msasa.

Mama Vitz
Mimi niligusia bampa mwenyewe nyumbani. Nilianza na msasa, kuosha nikaacha mpaka mwisho, kumbe gari lilikuwa na polishi ya silikoni. Msasa ukaizamisha ndani ya mikwaruzo. Rangi ilipotua ikajikunja, ikaacha vishimo vya duara kila mahali. Nilirudia yote: sabuni, dawa ya kuondoa mafuta, kitambaa safi, *kisha* msasa, kisha dawa tena.

Premio ya Baba
Asante dada, asante mzee. Je, mlango wangu lazima uvuliwe mpaka bati?

Mzee wa Puti, Tanga
Kama puti imeshika vizuri, hapana. Acha rangi ikauke kabisa, ushuke na 320 hadi mistari yote ipotee, praima upya, 600 ya maji, ndipo rangi na klia, ile ya juu isiyo na rangi. Ukigonga ukasikia sauti ya uwazi, hapo vua yote.

Premio ya Baba
Nimegonga sasa hivi kwa kifundo cha kidole. Karibu na kitasa pana uwazi. Navua.